Tupeane uzoefu: Ando Sakura kwenye filamu huru za Kijapani, uanzie wapi?

Mleta mada: Wakuu, anayemjua mwigizaji huyu Ando kwa "Shoplifters" (2018) tu amemkuta keshaiva. Tuweke hapa kazi zake za bajeti ndogo: ipi itangulie, na watu hukwama wapi. Ando ni jina la ukoo. Kwenye kutafuta jaribuni pia Sakura Ando.

#2: "100 Yen Love" (2014) ya Take Masaharu. Ichiko, miaka 32, anakula kwa wazazi, kisha anapata kazi ya usiku duka la yeni 100 na kujitosa kwenye ndondi. Picha zilipigwa kwa takriban wiki mbili, hivyo hakukuwa na miezi ya kusubiri mwigizaji apungue: aliingia mzito, akajikausha ndani ya siku 10 hivi. Ila msihangaike na kilo. Tazameni miguu na mgongo. Mwanzoni anajiburuta, anajikuna, mabega yameanguka. Mazoezi yakikolea, mwendo wote unabadilika kabla hata ya uso. Ukiruka nusu saa ya kwanza kwa kuona inachosha, pambano la mwisho halitakuwa na uzito wowote.

#3: Nyongeza kwa #2: skripti ya Adachi Shin ndiyo iliyotangulia. Ilishinda Tuzo ya Matsuda Yusaku, ya skripti, ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2012, filamu ikafuata.

#4: Napingana kidogo. Anza na "Our Homeland" (2012) ya Yang Yong-hi. Kaka amerudi Tokyo kutoka Korea Kaskazini kutibiwa uvimbe wa ubongo, ameruhusiwa miezi mitatu, mara anaitwa arudi. Ando ni Rie, mdogo wake. Hapa hana ngumi wala kilo za kumbeba, ana kusikiliza tu. Angalia anavyomvaa yule mlinzi aliyetumwa kumchunga kaka, halafu jibu linavyomkata maneno.

#5: "0.5mm" (2014) inawapoteza wengi kwa sababu wanategemea hadithi ya huruma. Ni dakika 196, imeongozwa na dada yake, Ando Momoko, na kupigwa mkoani Kochi, Japani. Ando anamcheza Sawa (ni jina), mhudumu wa wazee aliyepoteza kazi. Anamfuma mzee akiiba baiskeli, anamtisha, kisha anahamia kwake na kumpikia. Tapeli na mlezi ni mtu yule yule, na Ando hakuoneshi mpaka uko wapi. Unapoitazama, igawe kwa kila mzee ambaye Sawa anahamia kwake, si kwa saa.

#6: Wanaoagiza diski: DVD hufungwa kwa kanda (maeneo ya dunia): za Japani ni kanda ya 2, Kenya na Tanzania ni kanda ya 5. Deki isiyofunguliwa kanda zote itaikataa. Pia soma jalada kabla ya kulipa. Matoleo mengi ya Japani hayana maandishi ya Kiingereza.

Mleta mada: Na "Love Exposure" (2008)?

#4: Dakika 237, mkuu. Koike, mhusika anayemcheza Ando, anatisha kweli, lakini iache iwe ya nne.