Ukuta wa magharibi hauniachi nilale: nyumba ya mawe, Mji Mkongwe

Mpangaji wa Juu
Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninaishi katika nyumba ya mawe hapa Mji Mkongwe, Unguja, na chumba changu kiko juu kabisa, chini ya bati, ukuta wake mmoja ukielekea magharibi. Mchana kinavumilika, lakini kuanzia saa mbili usiku hadi karibu saa sita ukuta huo hutoa joto kama tanuri lililobaki na makaa, ilhali bibi yangu, anayelala chumba cha chini yangu, hujifunika shuka. Jamaa mmoja ameshauri nibandike vibao vya povu la plastiki ndani ya kuta zote. Mwashi naye anataka kupiga lipu ya saruji nje, kwa kuwa ile ya chokaa imeanza kubanduka. Je, ni mawe ndiyo yanayohifadhi joto hili?

Fundi Chokaa
Wa alaykumu salaam. Usiyalaumu mawe kabla hujapima. Ukuta huo una unene gani dirishani?

Mpangaji wa Juu
Nimepima. Chumbani kwa bibi ni sentimita 55, kwangu ni 18 tu. Nimeambiwa chumba changu kiliongezwa baadaye kwa matofali ya saruji.

Fundi Chokaa
Basi jibu umeshalipata. Jua huupiga ukuta wa magharibi tangu baada ya adhuhuri hadi magharibi, na joto huchukua takriban saa nne au tano kuvuka tofali jembamba, ndiyo maana linakufikia wakati wa kulala. Katika ukuta wa bibi safari hiyo huchukua nusu siku au zaidi, na kabla haijakamilika baridi ya usiku imekwisha kuanza kulivuta joto kurudi nje, hata linalofika ndani halihisiki. Ukibandika povu kwa bibi utamtenga na ubaridi wa mawe yake bila faida yoyote.

Kwako, zuia jua kabla halijagusa ukuta: tundika chiki, yaani pazia la vijiti vya mianzi, nje na upake chokaa nyeupe, ambayo hurudisha sehemu kubwa ya mwanga. Wala usilisahau bati. Unguja iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo paa hupokea jua kuliko ukuta wowote. Weka dari, uache matundu ya hewa kati yake na bati.

Saruji juu ya mawe ya matumbawe naikataa kabisa, na nimebomoa nyingi. Mawe yale hunywa maji na yana chumvi. Chokaa huyaacha yapumue, saruji huyafungia unyevu mpaka lipu ianguke na vipande vya jiwe. Tena ukuta uliolowa hupitisha joto upesi zaidi, kwa kuwa maji yamechukua nafasi ya hewa ndani ya vitundu vyake. Kwa vyovyote, kazi ya nje inahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Mzanzibari wa Leicester
Huenda jamaa yako aliyatoa mawazo ya povu huku kwetu Uingereza. Nyumba yangu ni ya matofali ya karne ya 19, ukuta wa sentimita 22 usio na uwazi katikati, ambao kwa hesabu za kawaida hupoteza wati 2 hivi kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Tunapasha moto nyumba miezi mingi, hivyo povu lina maana, ingawa likiwekwa vibaya unyevu hujikusanya nyuma yake. Wewe unalala madirisha wazi. Kivuli kitakufaa zaidi.

Mpangaji wa Juu
Nashukuru. Nitaanza na chiki na dari, na mwashi nimemwambia asubiri. Bibi amenikaribisha chini mpaka kazi iishe, ila anakoroma.