Naomba ushauri: miaka 11 Dubai, nikope ninunue nyumba au nirudi Dar?

Wakuu, habari zenu. Naomba mawazo yenu, hasa mliokaa Ghuba.

Mimi ni mhasibu kwenye kampuni ya mizigo, Deira. Hapa raia wenyewe ni wachache, wengi wetu ni wageni na ukaazi wetu unategemea ajira. Kazi ikiisha, unaanza kuhesabiwa siku. Ila kwenye kununua hakuna anayekuuliza kwenu wapi: tangu Januari 2018 kuna VAT ya asilimia 5, sawa kwa raia na mgeni.

Kinachoniuma ni binti yangu. Kazaliwa hapa, ana miaka 8, na kuzaliwa hakukumpa uraia. Juzi tunatoka kununua viatu vya shule, kakumbatia boksi lake, akaniuliza, "Baba, kwani sisi si watu wa hapa?" Nilikosa jibu. Nikamfunga mkanda tukaondoka.

Sasa, ukinunua nyumba ya kuanzia dirham milioni 2 unaweza kuomba ukaazi wa miaka 10. Yaani mnunuzi mkubwa anapewa utulivu ambao mfanyakazi wa miaka 11 hapewi. Sioni kama ni haki, lakini ndiyo sheria yao. Nimedunduliza dirham laki 5, zilizobaki itabidi nikope benki. Mke wangu anataka tumalizie nyumba yetu Kigamboni.

Kuna aliyechukua mkopo wa hivi kisha akapoteza kazi? Ilikuwaje? Na waliorudisha watoto wa umri huu, shule walizoeaje?