Tupeane uzoefu: Canon 60D au Nikon D7000 ya mtumba, wewe ulichukua ipi na ilikufanyaje?

kihonda_klik
Wakuu salama? Nimekwama wiki ya pili sasa naombeni msaada. Niko Morogoro, napiga mahafali, sendofu, ubarikio na passport kidogo kidogo, mpaka leo natumia kamera ya kuazima kwa bro mmoja na imefika mahali ananipa huku kanuna. Nimejikusanya laki saba na nusu. Kwa hela hiyo nazionea mbili tu, Canon 60D na Nikon D7000, zote za 2010, moja ilitangazwa Agosti nyingine Septemba kwa hiyo hakuna wa kumwita mwenzie mzee. Za kwenye karatasi nimeshasoma mpaka basi: 60D megapikseli 18, D7000 ni 16.2, 60D pointi 9 za fokasi, D7000 pointi 39, 60D skrini inafunguka inageuka, D7000 imekaza, D7000 inameza memori kadi mbili, 60D moja. Hayo nayajua. Nataka mtu aliyekaa nayo ikaloa jasho lake, imemlisha au imemwangusha. Tiririkeni, mi nimekaa na kahawa hapa.

binti_wa_flashi
60D, mwaka wa sita huu, Dar. Kwanza niseme mimi ni mfupi. Kwenye sendofu ikifika saa ya kutunza unajua inavyokuwa, mashangazi wamepanda viti, kanga zinarushwa, bibi harusi humwoni kabisa. Naipandisha kamera juu ya vichwa, skrini nimeilaza inanitazama chini, napiga kama natazama luninga. Wenzangu wenye skrini iliyokaza wananyoosha mikono wanabahatisha, jioni wanarudi na picha za mawigi. Kwangu mimi hiyo skrini imeshalipa kodi ya nyumba.

Ila sikia hili la video. Faili likifika GB 4 inasimama yenyewe, kwa ubora wa juu ni kama dakika 12 hivi. Imeandikwa kwenye kitabu chake, mimi ndo sikusoma. Harusi yangu ya pili mchungaji anafungisha, nimeiweka kwenye stendi, nimekaa pembeni natabasamu, kumbe imeshasimama kitambo. Kiapo cha bibi kipo. Cha bwana hakipo. Hadi leo nikikutana na yule bwana sokoni namwamkia mimi wa kwanza. Siku hizi nikiona dakika ya 10 nazima nawasha tena kwaya ikiwa inaimba.

chalii_wa_boma
Canon. Uzi ufungwe.

kihonda_klik
@chalii_wa_boma toa sababu basi mkuu

chalii_wa_boma
Sababu ni kwamba Jumamosi saa nne asubuhi lenzi yako ikigoma utaazima kwa nani? Hesabu wapiga picha unaowajua hapo Moro. Wangapi wana Canon? Betri ya 60D ni LP-E6, ile ile ya 5D Mark II, 7D, 6D, 70D, 80D. Ukumbini kila mtu anayo mfukoni. Hayo mambo ya pointi 39 hayakuletei betri.

slot_mbili
Mi D7000, na nitakwambia kwanini hata nikipewa bure kamera ya kadi moja siendi nayo kazini.

Kabla ya hapo nilikuwa na kamera ya slot moja, siitaji kampuni maana haikuwa kosa lake. Ubarikio, watoto zaidi ya thelathini, nimelipwa nusu. Kadi nilinunua kwa kijana anayepita na sanduku la glasi, imeandikwa GB 64 kwa dhahabu kabisa inang'aa. Nimepiga toka saa mbili mpaka saa kumi. Nafika nyumbani nachomeka kwenye laptop, picha mia na kitu za kwanza zinafunguka, zilizobaki zote ni nusu picha nusu rangi ya kijivu. Nikakaa chini sakafuni. Mama watoto akadhani nimefiwa.

Wiki iliyofuata nilipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Kuna mama mmoja akasema haina shida, mtoto atavaa tena gauni. Basi tukarudia. Keki nikanunua mimi, ndogo, tukaiweka karibu na lenzi ionekane kubwa, wajomba wawili wakaitwa wavae suti Jumanne. Ukiitazama ile albamu kila mtu anacheka vizuri tu ila baba mtoto amevaa kandambili, kaniambia we si unapiga juu tu.

D7000 naiset picha ile ile iandikwe kadi zote mbili. Sijalala vibaya tena. La pili ni vivuli. Bibi kavaa shela jeupe, bwana suti nyeusi na ngozi yetu hii, jua la saa nane. Napima kwa ajili ya shela lisiungue, bwana anatoka giza, halafu kwenye RAW, faili ghafi la kamera, namvuta juu anatokea mpaka vishikizo. Nimeshajaribu kufanya hivyo na faili la 60D ya rafiki yangu, ukivuta sana giza linaanza kuleta mistari mistari na chenga. Ukipiga JPEG tu unakabidhi siku hiyo hiyo hutaiona hiyo tofauti, nisikudanganye.

binti_wa_flashi
Baba mwenye kandambili 😂😂😂 nimecheka mpaka abiria wameniangalia. Ila la vivuli kweli kabisa, mimi namweka bwana kivulini na flashi kidogo, sivuti.

fundi_bisibisi
Habari zenu. Mimi sipigi picha, mimi nazifungua, Kariakoo. Mnabishania Canon na Nikon kama Simba na Yanga wakati kamera ya miaka hiyo swali ni moja tu, imepigwa mara ngapi na nani alikuwa nayo. Shata, lile pazia la ndani linalofunguka na kufunga kila ukipiga, ya 60D ilipimwa kwa mapigo 100,000, ya D7000 150,000. Si kwamba ikifika hapo inakufa, nimeona zimepita mbali na nimeona zimekufa kabla, lakini ndo kipimo tulichonacho.

Nikon kujua ni rahisi, idadi inaandikwa ndani ya picha yenyewe. Piga JPEG moja, hamishia kwenye simu, ipakie kwenye tovuti za kusoma shata, unaona namba. 60D haiandiki kwenye picha. Hapo mimi naenda na kadi yangu yenye Magic Lantern, programu ya ziada ya kamera za Canon, naiwasha, namba inaonekana kwenye menyu zake. Muuzaji akisema "haijatumika sana hii ilikuwa ya mzungu" mwambie asante, piga hata hivyo.

Halafu weka spidi 1/8000, zote mbili zinafika hapo, piga ukuta mweupe kwenye mwanga mkali mara kama kumi. Picha zikitoka na upande mmoja umeingia giza, pazia la shata limechoka, rudisha hela mfukoni. Funga tundu mpaka f/22 piga anga, utaona uchafu wa sensa, ile sehemu ya ndani inayopokea picha, huo unasafishika usikutishe sana, utumie kupunguza bei. Toa lenzi uangalie vile vipini vya shaba mdomoni, vimelala? Angalia skrubu za chini, vichwa vikiwa vimechubuka ujue kuna mwenzangu ameshaingia humo. Mpira wa mkononi ukiwa umebandikwa na gundi ile ya viatu si tatizo, ni umri tu, hata sisi magoti yanalia.

Spea: 60D zilizokufa droo nzima ninazo. D7000 ninazo mbili. Mwenye masikio asikie.

kihonda_klik
Fundi umenipa shule ya bure, Mungu akuzidishie.

mzee_wa_negativu
Vijana hamjambo. Mimi ni wa Tanga, nilianza na Nikon FM2 na filamu, studio yangu wengine mlizaliwa mkaletwa pale mkapigwa mkiwa mmelazwa kwenye kitambaa cha satini. Nimesoma hapa hakuna aliyegusa lenzi za zamani. Nikon za kioo kama hii D7000, mdomo wake, pale lenzi inapofungwa, ni ule ule wa tangu 1959. Lenzi zangu za AI za wakati wa filamu nazifunga kwenye D7000, naiambia kwenye menyu ni milimita ngapi na tundu lake, inapima mwanga kama kawaida, fokasi nazungusha kwa mkono. Na zile za fokasi ya D zisizo na mota, kama 50mm f/1.8D, D7000 inazizungusha kwa sababu mota imo ndani ya bodi. D3100 na D5100 haziwezi hilo, angalia usiuziwe hizo kwa jina la "Nikon ni Nikon". Canon wao walibadilisha mdomo 1987, marafiki zangu waliokuwa na lenzi za FD walibaki nazo kama mapambo. Kama babu yako aliacha kamera kabatini, kachungulie kabla hujanunua.

slot_mbili
Shikamoo mzee. 50mm D ndo lenzi yangu ya mkate mpaka leo.

mzee_wa_negativu
Marahaba mwanangu.

pwani_lenzi
Mombasa hapa. Mimi na-add tu jambo moja bana, hiyo lenzi ya mtumba usinunue ikiwa imetoka kwetu bila kuimulika. Washa tochi ya simu upande wa nyuma, chungulia mbele. Ukiona kitu kama utando wa buibui au unyoya, hiyo ni kuvu. Unyevu wa huku haucheki na mtu. Mimi nilipoteza 18-135 nzuri sana, niliifungia ndani ya begi la ngozi miezi minne ya kaskazi nikidhani naitunza. Siku hizi naweka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza, na vile vipakiti vya kwenye viatu vipya.

kihonda_klik
Wakuu mrejesho. Jana niliingia Dar na basi la alfajiri, nikaziona zote mbili.

60D muuzaji alikuwa mwongeaji sana. Nikatoa kadi ya Magic Lantern niliyotengenezewa na dogo wa hapa mtaani, akaniambia hiyo inaua kamera, hataki. Nikamwomba basi nipige 1/8000 ukutani, akasema betri ina chaji kidogo. Dakika mbili nyuma alikuwa ananionyesha video. Nikashukuru nikaondoka, akanifuata mpaka nje anapunguza elfu hamsini hamsini, ndo nikazidi kuogopa.

D7000 mwenye nayo dada mmoja wa ofisini, alikuwa anapiga watoto wake tu. Mpira wa pembeni umelegea, kona moja ina mkwaruzo. Nikapiga JPEG moja, ya kikombe cha chai mezani kwake, nikaipakia: 31,846. Nikairudia nikidhani nimesoma vibaya. Ukuta ukawa mweupe mara zote kumi. Na bei ilikuwa chini ya ile 60D kwa sababu, kasema mwenyewe, ameitangaza miezi miwili kila mtu anauliza kama ana Canon.

Nimechukua. @chalii_wa_boma najua.

chalii_wa_boma
Hongera mkuu. Siku ukitaka kuiuza na wewe utatangaza miezi miwili. Na Jumamosi usinipigie simu ya betri.

kihonda_klik
😂 Nimeshaagiza betri ya pili. Sasa @slot_mbili hizo kadi unanunua wapi, kesho kutwa nina ubarikio.

slot_mbili
Popote pale ila si kwa mwenye sanduku la glasi. Na baba mtoto mwangalie miguu.