Kamnyooshea kidole mama yangu mbele ya askari, kisa tawi la cheri alilolivunja YEYE

Binti Korogwe:
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Naandika mikono inatetemeka, tumerudi sasa hivi kutoka Washington kuangalia maua ya cheri, viatu hata sijavua. Yule bwana mnamjua. Jina silitaji, simpi umaarufu. Wa maiki. Kila harusi ya Wabongo Maryland, kila arobaini, kila kipaimara, lazima yeye ndiye aseme "tulieni jamani". Huyo huyo.

Leo kamnyooshea kidole mama yangu mzazi.

Mama kaja kumwona mjukuu. Kavaa kanga mpya, kapiga kilemba, tumemkalisha kwenye nyasi pale kwenye bwawa la Tidal Basin upande wa jumba la Jefferson, anakula zake kitumbua. Yoshino, aina ya cheri za pale, zimechanua mti mzima, jani hata moja hakuna, maua meupe yenye wekundu kwa mbaaali, na ukitazama chini yapo tena kwenye maji. Mama anasema kumbe mti nao unavaa. Nikafurahi mpaka machozi.

Ndipo anakuja bwana mkubwa na simu kwenye kijiti. Anataka video ya mvua ya maua. Kashika tawi, anatikisa kama anaangua embe. Maua hayamtoshi. Akavuta. PAA! Tawi refu kuliko mwanangu liko mkononi. Askari wa hifadhi, mama mmoja mwenye kofia ya ukingo mpana, akageuka. Huyu mtu akalitupa tawi mapajani kwa mama yangu, akasema kwa kile Kiingereza chake cha puani: ni huyu bibi hapa.

NI HUYU BIBI HAPA!

Mama Kiingereza hajui. Kaona mtu wa sare anamjia, akafuta mafuta ya kitumbua kwenye kanga, akampa mkono. Anaelezwa kwamba kuvunja miti hairuhusiwi, yeye anatabasamu, "ahsante mwanangu, ahsante." Halafu ananigeukia: "Anasemaje?" Ningemjibu nini mie?

Na usafiri sasa. Nilisema twende na treni tushuke Smithsonian tutembee. Hapana, yeye ana vani. Siku hizi ndiyo kilele, wenyewe wa hifadhi wanatangaza kilele Yoshino zikifika asilimia 70 zimefunguka, na upepo mmoja tu yamekwisha, kwa hiyo dunia nzima iko pale. Vani utaipaki kichwani? Tumezunguka mpaka mtoto kanyoa ndevu. Hayo nasamehe. Ya mama sisamehi. Mapajani! Mama wa watu ana kitumbua mkononi!

Mchumi wa Tandale:
Gazeti lote hili halafu jina hakuna? Nimekaa pale nasubiri jina.

Kaka Laurel:
Umesikia maiki bado unauliza jina? Harusini kwangu alimwita bibi harusi kwa jina la mchumba wangu wa zamani. Ukumbi mzima kimya. Mama mkwe mpaka leo ananiuliza huyo ni nani. Tawi kitu gani bi dada!

Binti Korogwe:
Pole kaka, ila wewe alikosea jina. Mimi kanisingizia mama.

Msomi Mpole:
Mtoa mada mshukuru Mungu, wale hawana mchezo. Mwaka 1910 Wajapani walileta miti 2,000 ya hiyo cheri, ikakutwa na wadudu na magonjwa, ikachomwa moto. Zawadi ya nchi kwa nchi, kiberiti! Mpaka 1912 ndiyo ikaja mingine 3,020. Bibi kaambiwa kwa upole na mkono kapewa, kuna haja gani ya herufi kubwa?

Hazeeki Maini:
Hawana mchezo wapi? 2024 wamekata zaidi ya 140 pale pale wapate kujenga upya ukuta wa kuzuia maji, na mti wangu Stumpy akiwemo. Shina bovu, ndani tupu, na kila mwaka alichanua. Nilikuwa nampelekea wanangu wamwone. Siendi tena mimi.

Jirani wa Bethesda:
Nyinyi Wabongo mnapenda shida. Si mje huku Kenwood, barabara imefunikwa na maua juu na chini, na vani yenu mnaipitisha polepole. Ama mngoje Kwanzan, yale ya waridi mazito, yanakuja kama wiki mbili baadaye, watu washaisha. Mimi nangoja tu kurudi Nairobi mwezi wa kumi, jakaranda naziona bure nikiwa kwa matatu.

Mdogo wa Ueno:
Mnaolalamika tulieni. Mimi niko Tokyo. Kila majira haya ofisi inanituma bustani ya Ueno alfajiri nikatandike turubai la buluu nilinde nafasi mpaka mabosi watoke kazini. Mgeni mimi, mdogo mimi. Kutwa nzima peke yangu kwenye baridi, hata chooni naogopa kwenda wasije wakakaa wengine. Wakifika wao wanaimba, mimi napiga chafya. Maua nimeyachukia.

Mchumi wa Tandale:
Hiyo siku unalipwa?

Mdogo wa Ueno:
Wanasema ni kazi kama kazi nyingine. Napewa bia. Mimi Muislamu.

Kaka Laurel:
Aisee dogo fungua uzi wako, huu wa tawi hauna nyama.

Binti Korogwe:
Jamani turudi kwenye mada! Alilitupa MAPAJANI! Na mama hadi sasa ananiuliza yule mama wa kofia tunamwalika chai lini!

Shangazi wa Hyattsville:
Binti, hivyo vitumbua vilikuwa kwenye hotpoti gani? Kama ni ile ya kifuniko chekundu, ni yangu tangu Idi.

Kaka Laurel:
Shangazi umenikumbusha, sufuria langu la pilau nalo lilikwenda na nani?

Hazeeki Maini:
Na jagi langu.

Binti Korogwe:
Naongelea MAMA YANGU!

Shangazi wa Hyattsville:
Mama yako msalimie sana. Hotpoti.