Naombeni ushauri: kugeuza mchezo wa mezani kuwa filamu fupi

Habari wakuu. Tuko washkaji wanne hapa Kirumba, Mwanza, tunacheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa Marekani uliotoka mwaka 1974: mmoja anasimulia, wengine wanaigiza wahusika, dadu la pande 20 linaamua. Hadithi tumeitunga wenyewe. Muuza dagaa, nahodha wa mtumbwi na mganga wa Ukerewe wanasaka karabai iliyozama ziwani na bado inawaka.

Sasa tunataka kuirekodi. Kinachotusumbua ni dadu. Mezani nahodha akirusha likaja 1, mtumbwi unapinduka na wote tunapiga kelele. Kwenye skripti tukio hilohilo linaonekana kama mwandishi kaishiwa tu. Tuonyeshe meza na ziwa kwa kupokezana, au dadu tuliache kabisa? Mimi nasema tuliache, wenzangu wamegoma.

Halafu mezani kila mtu ni steringi. Kwenye dakika 15 nani abebe hadithi? Mimi namtaka muuza dagaa, maana ndiye mwenye deni.

Mazimwi ya kwenye vitabu vya mchezo wenyewe hatuyagusi, hakimiliki isitusumbue. Ila kwa mliowahi kurekodi usiku ziwani: mwanga wa karabai unatosha kamera ya simu, au nianze kutafuta jenereta?