Tupeane uzoefu: uliporudi Tanga baada ya chuo, ule muda wa katikati uliuishi vipi?

Mgosi wa Makorora
Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Nimeanzisha hii kwa sababu mtu anaweka picha ya joho, anapongezwa, afu kimya mpaka siku anaibuka na kitambulisho cha kazi shingoni. Ile katikati hamna anaeisema, na wadogo zetu wanaorudi sasa hivi wanadhani ni wao tu. Ulikua unafanya nini, unaangalia nini, unasikiliza nini, nani alikushika mkono.

Naanza mimi. Nimesoma uhasibu Dodoma, nikarudi kwa bi mkubwa na godoro langu. Mwanzo raha, wali wa nazi, mtaa mzima unakuita msomi. Miezi ikienda salamu zinabadilika, mtu hajamaliza kuitikia marahaba ashauliza unaanza kazi lini. Mi kila asubuhi Ajira Portal, ule mtandao wa kuombea kazi za serikali, barua ya kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira nishaikariri, vyeti nishagongesha muhuri kwa wakili. Nikaitwa usaili, nikavuka mchujo, nikavuka na mahojiano, nafasi hazikutosha, jina likawekwa kanzidata, ile orodha ya waliofaulu wanaosubiri nafasi. Aliyewahi kukaa kanzidata ananielewa, hujakosa na hujapata, namba ngeni ikipiga unapokea umesimama.

Kilichonitoa ndani ni library ya movie. Jirani yetu alikua nayo Barabara ya 8, kompyuta 2 na spika nje, akataka mtu wa kukaa jioni. Mteja anakuja na flash unamrushia, basi. Pale nimejua watu kuliko darasani. Kina mama wanataka season za Kituruki na Kikorea, bodaboda wanataka za ngumi, na wote lazima iwe imetafsiriwa kwa Kiswahili, na aliyetafsiri awe DJ wao, ukimuwekea ya DJ mwingine kesho asubuhi yuko mlangoni amenuna. Akikuuliza hii nzuri lazima uwe umeiangalia, na mi nlikua naangalia kweli usiku kucha, wala sijutii, maana bila zile season nadhani kile kipindi ningeumwa mawazo.

Afu nikaanzisha daftari. Kila hela inayoingia, LUKU, bando, vyote naandika. Ikaonekana wazi movie zinashuka kwa sababu watu wanaangalia kwenye simu, hela inatoka kwenye kuprinti, kutoa kopi na kujazia watu fomu za mtandaoni. Nikamshauri jirani tununue printa ya maana. Sasa hivi msimu wa maombi ya mkopo wa chuo ukifika foleni inatoka nje, na mi mwenyewe wa kanzidata ndo nawajazia wenzangu Ajira Portal, na kila anaekuja namwambia jina la kwenye cheti na la NIDA yafanane, ata herufi moja isipishane, wengi wanakwama hapo. Hiyo ndo kazi yangu, na kuna maduka Ngamiani nawafungia hesabu zao. Haya leteni na nyie.

Binti Chumbageni
Kaka umenigusa. Mi sosholojia. Nlikua nalala mchana naamka saa ya tamthilia, mama na shangazi wako sebuleni, shangazi kila gauni likimpendeza anapiga picha TV na simu yake. Mama ni fundi cherehani tangu sijazaliwa na mi sijawahi kukaa kwenye kile kiti ata siku moja. Sasa shangazi akaja na picha, anataka sare za harusi ziwe na mkono kama ule, mama anasema huo mkono sijawahi kuukata, nikatafuta video tukakaa wawili tukaujaribu kwanza kwenye shuka la zamani mpaka ukakubali. Harusi za Tanga mnazijua, haziishi, na sare ni kundi zima linashona mara moja, basi waliouona ule mkono wakaanza kuja wenyewe. Ovaloki, ile mashine ya kumalizia kingo za nguo, nimenunua kwa hela ya sare.

Kinachoniudhi ni lile swali, degree yote hiyo unakaa kwenye cherehani? Wallahi sosholojia naitumia kila siku. Kundi la sare ndani yake kuna bibi anataka mikono ifunikwe, kuna binti anataka mgongo wazi, kuna ambae hajamaliza kulipia na hataki wenzie wajue, na mwenyekiti wa kamati anataka wote wafanane. Ukishindwa kuwasikiliza hao watu, mashine haitakusaidia.

Dogo wa Sahare
Mgosi nakuheshimu ila niseme la moyoni kuhusu hizo library. Mi baada ya chuo niliingia kwenye kuigiza, tukacheza filamu yetu hapahapa, tumeshuti Raskazone na Mapango ya Amboni kwa hela za mfukoni, wengine wametembea kwa mguu kuja lokesheni. Ile kazi haijakaa vizuri sokoni ishaingia kwenye kila flash ya mji huu. Simlaumu anaekaa dukani na simlaumu mteja, ila aliyelala njaa kuitengeneza nae ahesabiwe. Sasa hivi kamera hiyohiyo narekodi harusi na video za vijana wa singeli, wananilipa kabla sijawasha, siku hizi sianzi bila hivyo.

Kijana wa Pongwe
Mimi nilipata mkataba kwenye kazi za bomba la mafuta, lile la kutoka Hoima Uganda mpaka Chongoleani, kilomita 1,443. Stoo. Mshahara wa kwanza bodi ya mikopo washakata asilimia 15 yao, sawa, ni deni. Ninachotaka wadogo wajue kazi za mradi zina mwisho hata kama kila kitu kinaenda vizuri, siku mkataba unaisha mnaisha wengi kwa pamoja na mtaa wenu mzima unatafuta kazi wiki hiyohiyo. Nilikua nimenunua bodaboda mapema ndo inayonilisha.

Mzee wa Chuda
Marahaba wadogo zangu. Mi wa zamani, nimemaliza kilimo Morogoro miaka ya 2000 mwanzoni. Hosteli walikua wanatucheka lafudhi, tukifungua mdomo tu, eh mgosi mgosi, mpaka wengine wakawa wanaongea kama watu wa Dar kwa nguvu. Ndo likatoka kundi la rap la hapa Tanga, Wagosi wa Kaya, Mkoloni na Dokta John, wanachana shida za wananchi kwa lafudhi ileile, nchi nzima ikaanza kuiiga. Nyie mmezaliwa mkaikuta hamuwezi kujua kilitupa nini. Nilienda kuomba kazi Korogwe nikaongea kama ninavyoongea na mama yangu.

Ilikua kazi ya mkonge. Wenzangu wakanisikitikia, walikua wanaona mashamba yameota pori, wakati miaka ya 60 nchi hii ndo iliongoza duniani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Mkonge ukipanda unasubiri miaka kama 3 ndo unakata mara ya kwanza, na mshahara wa bwana shamba miaka ile ulikua mdogo kweli, nisidanganye. Nilikua nakaa kambini, redio moja, jioni taarab, Jumapili mpira, nashuka uwanja wa Mkwakwani Coastal Union ikicheza nyumbani. Nimebaki humohumo mpaka leo, nawafundisha wakulima wadogo wa AMCOS, vyama vyao vya ushirika, kupanda kwa nafasi na kupalilia kwa wakati, na lile pori walilonionyesha siku ya kwanza sasa ni mkonge, majani yake yanaingia korona, mashine ya kuchakata, yanatoka singa, nyuzi zenyewe.

Mama Pwani
Binti Chumbageni samahani mdogo wangu, nina mdogo wetu wa kike kamaliza chuo mwaka huu, yupo tu ndani na simu, mama anaogopa ata kumuuliza. Unapokea wanafunzi?

Binti Chumbageni
Mlete dada yangu, ila mwambie kwanza yeye mwenyewe, asiletwe kwa nguvu. Asubuhi mashine zina nafasi, jioni wateja wanakuja kupima nguo. Aje na mkasi wake na kanga kuukuu ya kukatia. Na kama anaangalia tamthilia asiache, aje na picha.