Mjadala: Safari ya Lewis na Clark iliinufaisha Marekani kwa lipi hasa?

Mleta mada:

Wakuu, salaam. Kuna hoja inayorudiwa sana kwamba Marekani changa ilineemeka kwa sababu Lewis na Clark, maofisa wa jeshi waliotumwa na Rais Jefferson kuvuka bara hadi Bahari ya Pasifiki, waliifungulia njia ya kwenda magharibi. Mimi naipinga. Faida ilikuwepo, tena kubwa, ila haikuwa njia.

Mwaka 1803 Rais Thomas Jefferson aliinunua Louisiana, eneo kubwa la magharibi ya Mto Mississippi, kutoka Ufaransa ya Napoleon kwa dola milioni 15, na eneo la nchi likawa karibu maradufu. Lakini mnunuzi hakujua alichonunua. Kwenye ramani za wakati ule sehemu za juu za Mto Missouri zilikuwa karibu tupu, na Jefferson alitumaini kwamba kutoka chanzo chake hadi mto unaoteremkia Pasifiki ni mwendo mfupi tu wa kubeba mizigo. Januari mwaka huohuo, kabla hata ya ununuzi, alikuwa ameshaliomba Bunge kwa siri dola 2,500 za msafara.

Meriwether Lewis na William Clark waling'oa nanga Mei 1804. Agosti 1805 Lewis akafika juu ya kipito cha Lemhi katika Milima ya Rocky, akitazama magharibi. Alichokiona ni milima nyuma ya milima, vilele vina theluji hapa na pale. Habari ya njia ya maji ikaishia pale. Wahamiaji walipomiminika Oregon, kaskazini-magharibi kwenye pwani ya Pasifiki, na mikokoteni yao miaka ya 1840, walipita South Pass, kipito kingine cha milima hiyo, mbali kusini ya pale.

Faida niionayo mimi ni ramani ya Clark, iliyochapishwa 1814. Serikali ikajua upana wa milima na mito inaelekea wapi. Pia Marekani ikapata hoja ya kudai Oregon mbele ya Uingereza, juu ya ile ya nahodha Robert Gray aliyeingia Mto Columbia 1792. Mstari wa mpaka na maeneo ya Uingereza ulipowekwa kwenye latitudo ya 49 mwaka 1846, hoja hizo zilikuwa na uzito wake.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, biashara umeipita haraka mno. Msafara haujafika hata nyumbani, Agosti 1806, askari wao John Colter aliomba ruhusa akageuka na wawindaji wawili kurudi milimani kutafuta biva, yule mnyama wa mtoni ambaye manyoya yake yalitengenezewa kofia. Mwaka 1811 watu wa John Jacob Astor, tajiri wa biashara ya ngozi, walishajenga ngome karibu na mdomo wa Columbia. Mji wa St. Louis ulitajirika kwa ngozi. Taifa changa linahitaji fedha kwanza, ramani baadaye.

Mchangiaji wa pili:

Ndugu zangu, mnabishana kuhusu mavuno na shamba lenyewe ni la watu. Hiyo ramani ilitoka wapi? Cameahwait, chifu wa Washoshone, kabila la wenyeji wa milimani, aliwachorea mito ardhini, akarundika mchanga huku na huku kuonyesha milima. Wamandan, wenyeji wa kando ya Missouri, waliwaeleza mito ya mbele majira yote ya baridi ya 1804–1805. Sacagawea, dada yake huyo Cameahwait, alikuwa mkalimani wao walipoomba farasi, na mtoto mchanga mgongoni.

Halafu Wanez Perce, kabila lingine la wenyeji. Septemba 1805 msafara ulishuka kutoka milima ya Bitterroot umeishiwa chakula, umeshachinja farasi wake. Watu hawa waliwalisha samaki na mizizi ya camas, mmea wa porini, wakawaonyesha namna ya kuchimba mitumbwi kwa moto, wakawatunzia farasi hadi masika yaliyofuata. Malipo yao? Mkataba wa 1863 na serikali uliwaachia kama sehemu moja ya kumi ya hifadhi yao, yaani ardhi waliyotengewa, na 1877 jeshi likawafukuza hadi chifu wao Joseph akajisalimisha, Kanada ikiwa mwendo wa siku chache tu.

Mleta mada:

Dada, hapo nakuunga mkono kwa moyo wote, na hoja yangu ndiyo inazidi kupata nguvu. Ikiwa faida kubwa ni maarifa, basi waliochangia zaidi ni wenyeji, nao ndio walionyang'anywa. Mwongeze York, mtumwa wa Clark. Novemba 1805, pwani ya Pasifiki, walipoamua wapi pa kukaa wakati wa baridi, maoni yake yaliandikwa pamoja na ya wengine. Waliporudi, askari walilipwa mshahara na ardhi. York hakupata chochote, na alipoomba uhuru wake Clark alimkatalia.

Kwa hiyo, mchangiaji wa kwanza, sikatai kwamba ngozi zilileta fedha. Ila kufikia 1840 biva walikuwa wamewindwa hadi wakaadimika na kofia za hariri zimeshika soko. Ramani bado ilikuwa inatumika. Nionyeshe ni faida gani ya ngozi iliyobaki mikononi mwa taifa, mbali na mfuko wa Astor.